Mkojo unanitoka nikikohoa: je, tatizo ni mkao wangu?

*"Habari daktari. Nina miaka 39 na watoto wawili, wote nimejifungua kwa njia ya kawaida, wa mwisho ana miaka minne. Tangu nimpate huyo wa pili, nikikohoa, nikipiga chafya au nikiinua kitu kizito mkojo unanitoka kidogo. Mwalimu wa mazoezi aliniangalia akasema chanzo ni mkao wangu: kiuno kimebinuka na tumbo limetoka mbele. Akaniambia nibane tumbo na makalio kutwa nzima, na nikienda haja ndogo niukate mkojo katikati ili kuimarisha misuli. Nimefanya hivyo miezi miwili. Mkojo bado unatoka, kiuno kinauma, na siku hizi nikikaa chooni inabidi nisubiri ndipo uanze kutoka. Nirekebishe mkao kwanza au niendelee na mazoezi? Au ndiyo nimeshachelewa?"*

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha raha: hapana, hujachelewa. Misuli unayoihangaikia ni misuli kama ya mkono au paja. Inadhoofika ikikosa kazi na inapata nguvu ikifundishwa, uwe na miaka 39 au 69. Wanawake waliokoma hedhi siku nyingi wanaifanyia mazoezi na wanapata nafuu. Wala hiyo miezi miwili haijakuharibu. Ila kuna mambo mawili naomba uyaache leo hii: kubana tumbo na makalio kutwa, na kukata mkojo katikati. Hayo ndiyo ninayoyashuku zaidi kwa hayo maumivu ya kiuno na kwa mkojo unaosita kuanza.

Nikueleze kwanza kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukupa amri.

Chini ya fupanyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kuna tabaka za misuli zilizotandazwa. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Inabeba kibofu cha mkojo, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo, na inapitiwa na njia tatu: mrija wa mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Ikikaza, inabana njia hizo na kuinua viungo kuelekea juu na mbele. Ikilegea, unakojoa, unapata choo, mtoto anapita. Kukaza na kulegea zote ni kazi zake. Hii ya pili watu huisahau, na kwako wewe ndiyo tutakayoanza nayo.

Misuli hiyo haifanyi kazi peke yake. Juu kuna kiwambo unachopumulia, mbele na ubavuni kuna misuli ya ndani ya tumbo, nyuma kuna misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo. Ukivuta pumzi kiwambo kinashuka, tumbo linapanuka, na sakafu ya nyonga nayo inashuka kidogo. Ukitoa pumzi, inapanda. Mwendo huo unaendelea usiku na mchana bila wewe kuufikiria. Ukikohoa, msukumo wa tumboni unapanda kwa ghafla, na kwa mtu asiye na tatizo misuli ya nyonga huwa imeshajikaza punde tu kabla ya kikohozi chenyewe, mrija wa mkojo ukabanwa kwa wakati. Baada ya kubeba mimba na kujifungua, misuli hiyo na nyama zinazoushikilia mrija wa mkojo huenda zilivutika au hata kuchanika, na mishipa ya fahamu inayoiamrisha ikavutika pamoja nazo. Matokeo yake msuli unachelewa, au unakaza bila nguvu ya kutosha, na matone yanapita.

Kwa maelezo uliyonipa, tatizo lako linafanana na hilo: kuvuja mkojo kwa msukumo. Kuna mwanamke mwingine ambaye hakohoi wala hanyanyui kitu. Mkojo unambana ghafla na hafiki chooni. Kwake yeye kibofu ndicho kinachojikaza bila ruhusa, na tiba yake inaanzia kwingine. Wapo wenye yote mawili. Nalitaja hili kwa sababu nakutana na wanawake wengi wanaofanya mazoezi waliyopewa na jirani kwa tatizo ambalo si la jirani huyo.

Sasa mkao. Mwalimu wako ameshika ukweli nusu. Ni kweli mkao unagusa misuli hii. Watafiti walioipima kwa vifaa vinavyosoma umeme wa misuli wameona kwamba ukikaa umejikunja, mgongo ukiwa kibiongo, sakafu ya nyonga inapoa. Ukikaa wima bila kuegemea, inaamka. Ukisimama inafanya kazi kuliko ukilala, hata kama hufanyi chochote. Unaweza kulithibitisha mwenyewe hapo ulipo. Jikunje kwenye kiti, mabega mbele, kiuno kimeporomoka nyuma, kisha jaribu kukaza kama unayezuia hewa isitoke nyuma. Halafu kaa wima, uzito uwe juu ya ile mifupa miwili unayoisikia chini ya makalio, ukaze tena. Wanawake wengi wakijikunja wanausikia mkazo ukiwa nyuma tu, karibu na njia ya haja kubwa. Wakikaa wima wanausikia ukija hadi mbele, kwenye njia ya mkojo. Na mbele ndiko tunakokutaka.

Nisichokubaliana nacho ni kusema kiuno chako kilichobinuka ndicho chanzo cha mkojo kutoka. Uti wa mgongo umeumbwa na mkunjo hapo kiunoni, na kina cha mkunjo huo kinatofautiana kati ya mtu na mtu. Wapo wanawake waliobinuka sana ambao hawajawahi kuvuja hata tone, na wapo wenye migongo iliyonyooka wanaovaa pedi kila siku. Ukimwona mwanamke amesimama huwezi kujua kama mkojo unamtoka. Kinachojalisha ni jinsi anavyoupokea msukumo wa tumboni, na hicho hakionekani kwa kumtazama ubavuni.

Dawa uliyopewa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Fikiria mfuko wa maji uliofungwa mdomo: ukiuminya katikati, maji yanakimbilia upande ulio laini. Ukilibana tumbo kwa nguvu, hasa lile la juu karibu na mbavu, msukumo unashuka chini, mahali palepale ambapo wewe umedhoofika. Kubana makalio nako kunakukunja kifandugu kuingia ndani, na misuli ya nyonga inabaki imefupishwa na imechoka kutwa nzima. Msuli uliokwisha kukazwa hauna pa kukazia tena kikohozi kinapokuja. Mwambie mtu akunje ngumi tangu asubuhi hadi jioni, halafu jioni umwombe abebe mzigo kwa mkono huohuo. Hataweza, na wala hatakuwa mvivu. Kiuno kinachokuuma nacho kinalalamikia kazi ya aina hiyo.

Kwa hiyo mkao ninaoutaka kwako ni mwepesi kuliko ulivyozoea kuusikia. Ukikaa, nyayo ziguse chini, uzito uwe juu ya mifupa ya kukalia, mbavu zikae juu ya nyonga bila kifua kusukumwa mbele kama cha askari. Ukisimama, usiyafunge magoti kwa nguvu, gawa uzito kati ya visigino na vidole, makalio yaachie, tumbo liachie lipumue. Kisha badilisha. Hakuna mkao mzuri unaofaa kushikiliwa kwa muda wa saa nane mfululizo. Kuinuka, kutembea kidogo na kukaa upya kunakusaidia kuliko kukaa wima kwa kujilazimisha.

Kuhusu kukata mkojo katikati, ushauri huo umeenea sana na naelewa ulikotoka: ni njia rahisi ya kumwonyesha mtu msuli gani unazungumziwa. Lakini kukojoa kuna utaratibu wake. Kibofu kinapojikaza ili kitoe mkojo, sakafu ya nyonga inapaswa kulegea. Ukiikaza katikati ya kazi hiyo kila siku, unaufundisha mwili kuchanganya amri mbili, na mkojo unaweza kubaki kibofuni. Mkojo unaobaki huleta maambukizi. Na wewe tayari unasubiri ndipo mkojo uanze. Hiyo kwangu ni dalili kwamba misuli yako imejifunza kukaza na imesahau kuachia.

Jina utakalolisikia kila mahali ni mazoezi ya Kegel. Arnold Kegel alikuwa daktari wa wanawake nchini Marekani, akayaandikia mwaka 1948. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hakuwaambia wanawake "kazeni" akawaacha waende nyumbani. Alitengeneza kifaa cha kuwekwa ukeni kinachopima nguvu ya mkazo, mwanamke akaona mwenyewe kama anafanya sawa. Kifaa kimesahaulika, mazoezi yamebaki. Mwaka 1991 watafiti waliwachunguza wanawake 47 baada ya kuwaeleza kwa maneno tu. Takriban nusu ndio waliokaza ipasavyo, na mmoja kati ya kila wanne alifanya kwa namna inayoweza kuongeza kuvuja, yaani alisukuma chini badala ya kuinua. Ukiona umefanya miezi miwili bila matokeo, usijilaumu.

Mimi nikimwomba mama akaze kwa mara ya kwanza, mara nyingi naona nyusi zinapanda, pumzi inasimama, mabega yanakwenda masikioni, na mwili mzima unainuka kwenye kiti kwa sababu makalio yamebana. Sakafu ya nyonga yenyewe, nikiigusa, haijafanya kitu.

Basi anza hivi. Lala chali, magoti yakunje, mkono mmoja uweke tumboni chini ya kitovu. Vuta pumzi taratibu kwa pua, mkono uinuke, na uuache msamba, yaani ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, ushuke na kutanuka wenyewe bila kusukuma. Toa pumzi. Fanya hivyo dakika chache asubuhi na usiku kwa wiki mbili za mwanzo, na usikaze chochote. Najua utaona kama unapoteza muda. Kwa mwanamke ambaye mkojo unasita kuanza, hapa ndipo tiba inapoanzia.

Ukishaisikia ile hali ya kuachia, ongeza mkazo. Unapotoa pumzi, ziba njia ya nyuma kana kwamba unazuia hewa, kisha ulete mkazo huo mbele hadi kwenye njia ya mkojo, na uinue kwenda ndani na juu. Makalio yawe laini, mapaja yawe laini, uso pia. Tumbo la chini, chini ya kitovu kabisa, linaweza kuingia ndani kidogo sana. Hilo si kosa. Lakini mkono wako ukisukumwa kwenda juu, yaani tumbo likifura, umesukuma chini. Acha, pumua, anza upya. Unaweza pia kutumia kioo: ukikaza vizuri msamba unaingia ndani na kupanda. Au ingiza kidole safi ukeni, kinapaswa kubanwa na kuvutwa ndani, si kusukumwa nje. Usione haya, ni mwili wako.

Shikilia sekunde tatu au nne kwanza, huku unapumua, kisha achia kabisa kwa muda uleule au zaidi kabla ya kurudia. Polepole upandishe hadi sekunde 10. Mwishoni ongeza mikazo michache ya haraka, kaza na achia, kwa kuwa kikohozi hakikupi sekunde 10 za kujiandaa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka angalau mikazo 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Utasikia watu wanataja 200 au 300 kwa siku. Mikazo michache iliyo sahihi, na kila mmoja ukaachiwa hadi mwisho, inakufaa kuliko mamia ya kubana ovyo. Ukiweza ukiwa umelala, fanya ukiwa umekaa wima, kisha ukiwa umesimama, maana mkojo haukutoki ukiwa kitandani. Hapo ndipo mkao unapoingia katika tiba: unaibebesha misuli uzito hatua kwa hatua.

Halafu kuna jambo ambalo ningekuomba ulianze mara tu unapoweza kukaza ipasavyo. Kila unapotaka kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua, kaza na kuinua kwanza, shikilia wakati wa tendo, kisha achia. Ukinyanyua, toa pumzi unapoinuka, usiizuie. Hii ni kumrudishia msuli wakati wake sahihi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake wenye umri mkubwa waliofundishwa hivi walipunguza kuvuja wanapokohoa ndani ya wiki moja, kabla misuli haijapata hata muda wa kunenepa. Mwanzoni utasahau na chafya itakuwahi. Endelea, baadaye mwili unalifanya bila kuambiwa.

Utarajie nini? Wengi huanza kuona mabadiliko kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, yalionyesha kwamba, kwa wanawake wenye tatizo la aina yako, takriban 56 kati ya 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona, wakati kwa wale ambao hawakuyafanya ni 6 kati ya 100. Ni tofauti kubwa. Lakini pia unaona kwamba wapo wasiopona kwa mazoezi peke yake, na ni haki yako kulijua hilo tangu sasa. Kuna wanawake ambao msuli ulibanduka kwenye mfupa wakati wa kujifungua. Hao wanaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado wakahitaji msaada zaidi.

Angalia na mambo mengine yanayokuongezea mzigo. Kufunga choo ni kimojawapo kikubwa: kujikamua kila siku kunaivuta sakafu ya nyonga kwenda chini. Weka miguu juu ya kitu kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, pumua, usizuie pumzi ukasukuma. Kwa haja ndogo, kaa kabisa. Ukining'inia juu ya choo bila kukalia, misuli haiachii vizuri. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe. Kama uzito umezidi, kuupunguza hata kwa sehemu ndogo hupunguza kuvuja. Usiache kunywa maji kwa kuogopa, kwa sababu mkojo mzito unakichokoza kibofu. Mkanda wa kubana tumbo sikushauri. Unafanya kilekile ulichokuwa ukikifanya kwa misuli.

Miezi mitatu au minne ya mazoezi yaliyosimamiwa ikipita bila nafuu ya kukuridhisha, kuna njia nyingine. Ipo pesari, kifaa laini kinachowekwa ukeni kuushikilia mrija wa mkojo, ambacho wengine hukitumia wakati wa mazoezi mazito tu. Upo upasuaji, na unawasaidia wengi, ingawa una hatari zake na ni vyema uzungumzwe kwa kina, hasa kama bado unafikiria kuzaa. Vifaa vya umeme na vizito vya kuweka ukeni vinauzwa kwa maneno matamu. Kwa mwanamke anayeweza kukaza mwenyewe, sioni sababu ya kuanza navyo. Na kwa misuli isiyojua kuachia, kama ninavyoishuku yako, kuiongezea uzito ni kuichosha zaidi.

Wewe, kwa sababu ya huo mkojo unaosita kuanza, nisingependa usubiri miezi mitatu. Nenda ukaonwe katika wiki hizi: mkojo upimwe kama kuna maambukizi, iangaliwe kama kibofu kinatoa mkojo wote, na mtaalamu wa tiba ya viungo anayeshughulika na nyonga au daktari wa wanawake apime misuli kwa kidole, ukiwa umekaza na ukiwa umeachia. Kama tendo la ndoa limeanza kuuma, mwambie. Nayo ni dalili ya misuli iliyokaza kupita kiasi. Ukisikia uvimbe au kitu kinashuka ukeni, ukaona damu kwenye mkojo, au ukapata homa na maumivu ya ubavu, usianze na mazoezi, anza na daktari. Mkojo unaochuruzika muda wote hata bila kukohoa, hasa kwa aliyepata uchungu wa muda mrefu, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haizibwi na mazoezi. Ganzi kati ya mapaja, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kabisa kukojoa ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kabla ya kwenda, andika kwa siku tatu: saa uliyokojoa, kiasi kwa kikombe cha kupimia, ulichokunywa, na kila mkojo ulipotoka, ulikuwa unafanya nini. Siku hizo tatu kunywa kama kawaida yako. Ukimkabidhi daktari karatasi hiyo, hutalazimika kukisia chochote mbele yake, na yeye ataona haraka kama ni msukumo peke yake au na kibofu kina shida yake.